Ua Jekundu la Kavimvira

Mama Feza, mwenye nyumba yangu ya Kalemie,

Nakusalimia na mukono wa kuume, ule ule mulisema umekufa. Weye na magoti yako muko aje? Mbuzi wetu alizaa? Minye niko muzima huku Kavimvira. Ninakula, ninalala, na mutoto wetu Feza ananichunga kama yai mpaka nachoka.

Sasa sikia. Juma iliyopita nilimwambia Feza nataka kurudi. Tangu niugue, nani huko anaweza kuandika jina ku mutumbwi likanyooka? Akacheka. "Baba, kikombe cha chai unakimwaga, burosi ya rangi utaishika aje?" Nikamwambia alete mutihani.

Akakata ua jekundu ku uzio wa jirani, lile linafunguka asubuhi na mangaribi linajikunja, akalitia mu vaze, chupa yake ya maua ya meza. "Lichore leo. Kama muntu asiyeambiwa kitu akilitambua, utapanda boti. Kama hapana, utabaki na minye, unywe uji wangu."

Nikakaa inje, pa mulango wa parseli, kiwanja cha nyumba, kwani mu nyumba iko giza. Jua la hapa halina heshima. Nikaona ua linaanza kulegea, nikakata matawi mawili ya mungazi, ule muti wa mawese, nikayasimika mbele yangu yanipe kivuli. Unajua matawi ya mungazi mbele ya nyumba yanasema kuko kilio. Hata minye najua, lakini siku ile akili yote ilikuwa mu rangi.

Haikufika saa sita, wamama wa kanisa hawa hapa, mikono ku kichwa. "Muzee wa watu, uliondoka bila kuaga!" Mumoja na makaa, mungine na kidumu cha maji. Niliwasikia vizuri. Nikaendelea kuchora. Nilikuwa ku jani la mwisho na mukono ulikuwa umetulia. Ningesema neno, ungetetemeka. Walinililia kweli kweli. Walinisifu pia, na yote ilikuwa haki yangu.

Kisha jirani wetu Mama Sifa, mwenye ulimi wa wembe, akasukuma matawi apitishe makaa yake. Akanikuta.

"Muzee, weye hukufa?"

"Bado. Niko na kazi."

Akaangalia karatasi, akasahau machozi. "Ee, hili ni ua langu. Hata tundu alilotafuna panzi ni lile. Nani alikukubalia ukate ku uzio wangu?"

Feza alikuwa nyuma yake, anasikia. Akakaa chini, akacheka mpaka akajipangusa na kitenge. Wamama wakapika chakula na makaa yale yale, tukakula pamoja, minye niko katikati kama bwana arusi.

Boti inaondoka ku porti ya Kalundu siku ya ine ya juma hili. Salimia mama mukwe. Salimia mudogo wangu Bwami, umwambie arudishe burosi zangu, na azioshe kwanza. Asilete vijana wa kunibeba ku porti, nitashuka na miguu yangu.

Lakini weye ukuje.

Bwana yako,
Baba Feza