Bibi Hakukukana, Shangazi

Bweni la Wasichana, Chumba 27,
Chuo Kikuu.
9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi, bado unakusumbua ukisimama sana kazini? Na baridi ya huko imepungua? Sisi ni wazima, ila baba amekonda tangu tumzike bibi, na mama anambembeleza kula kama mtoto mdogo.

Barua hii nina wiki mbili naiandika na kuichana. Leo nimejikaza.

Mhadhiri wetu wa saikolojia anatafiti jinsi wazee wanavyopoteza kumbukumbu. Mwaka huu alichagua wanafunzi wanne tumsaidie, ingawa hata shahada ya kwanza hatujamaliza. Nilipopata nafasi nilitembea kifua mbele bweni zima. Kazi yangu ni kumtembelea fundi viatu mmoja mstaafu kila Jumanne. Namsomea maneno kumi, tunapiga soga kidogo, kisha ananitajia anayoyakumbuka, nami najaza fomu.

Mwanzoni alikumbuka saba, akanitania kwamba yeye angalau hasomi kwenye karatasi kama mimi. Baada ya miezi mitano yakabaki mawili. Jumanne moja alimtazama mkewe aliyekuwa anamfunga vifungo vya shati, akamuuliza kwa adabu, "Samahani mama, mke wangu amekwenda wapi?"

"Ametoka kidogo, atarudi sasa hivi," mkewe akajibu, akaendelea na vifungo.

Nilishindwa kusoma orodha. Nilirudi chuoni na fomu tupu, na mhadhiri, ambaye kwa fomu tupu hana mchezo, akafunga mlango wa ofisi akaniambia niketi. Nikajikuta namweleza habari za bibi. Kwamba alikuwa anaficha vijiko ndani ya foronya. Kwamba ulipokuja kumuaga kabla ya safari alikuzuia mlangoni, akasema hakujui, umekuja kumwibia, nawe ukaondoka na masanduku yako bila kugeuka. Kwamba nyumbani wote tulisema anajitia tu, kakasirika kwa kuwa unamwacha.

"Sikumpima, kwa hiyo siwezi kukutajia ugonjwa," akasema. "Lakini kwa unavyonieleza, hakuwa anajitia. Alimwona mtu asiyemjua mlangoni, akaogopa."

Shangazi, miaka minne hukumpigia simu, na mazikoni hukuja. Sikulaumu. Sisi ndio tuliokuacha uamini kwamba mama yako amekukana. Na mimi nina langu: wageni wakija nilikuwa namuuliza, "Bibi, leo siku gani?" ili wacheke. Naye alicheka pamoja nao. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Mhadhiri aliniruhusu kuacha utafiti, sikuacha. Jumanne iliyofuata nilikwenda na fomu mpya. Fundi viatu alikumbuka neno "mkate" tu, nikaliandika.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Wiki ya mwisho ya bibi nilikuwa namwosha miguu. Akanishika kidevu, akaniita Kiduchu, jina alilokuita wewe tu. Uso wote ulikuwa umemchangamka. "Mbona umechelewa hivyo?" akaniuliza. "Safari ilikuwaje?"

Mimi nikajifanya mjuaji, nikamsahihisha. "Mimi si Kiduchu, bibi. Kiduchu hayupo."

Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na baada ya hapo hakukuulizia tena. Ningemwambia tu, "Nimefika, mama." Sikumwambia. Nisamehe, shangazi.

Baba hajui kwamba nimekuandikia, lakini najua angekusalimu. Mama anakusalimu, na mjomba fundi umeme pia. Mungu akutunze huko uliko, akupe na mtu wa kukaa naye utakapomaliza kusoma haya.

Mimi nikupendaye,
mtoto wa kaka yako