Ampli Yetu Inayoimba Upande Mmoja

Mpendwa Mama Kalenga,

Kosa la watu wengi hapa kwetu ni hili: ampli ya muziki ikinyamaza upande mmoja, hawaulizi kwa nini. Wanasema imekufa, kisha wanainyanyua kukadiria shaba iliyomo ndani. Kolwezi, mji wetu wa migodi, imetuzoesha macho hayo. Hata Kalenga wetu, aliyejifunza kucheza mbele ya ampli hiyohiyo, alipoisikia juzi aliamua palepale.

"Tata, hii ilikufa. Tuiuzishe kwa kilo, iko na mukuba mingi. Mi nitakuletea ya mupya toka soko ya Dilolo."

"Uliipima homa?"

"Tata, ni mashini, haiko mutu."

Anarudi Jumamosi na hiyo mpya, na ya zamani ataondoka nayo. Tuliinunua wawili, kwa hiyo siwezi kuiamua peke yangu.

Unakumbuka siku tulipoileta? Uliipakata kwenye teksi-moto, umeifunika kitenge kwa ajili ya vumbi la malori ya mgodi. Mimi nilikuja nyuma kwenye pikipiki nyingine, nimekumbatia bafle zake mbili, spika za kutolea sauti, sioni mbele. Jirani akatoka uani akakuuliza, "Mwanamuke ao mwanaume?" Ukamjibu bila kucheka, "Bado hajalia." Jioni ile ilipolia, mtaa mzima ulisikia.

Basi nilifanya kama ninavyofanya siku zote, taratibu. Nilibadilishana nyaya za bafle, wa kushoto nikauchomeka kulia na wa kulia kushoto. Ile iliyokuwa kimya ikaimba, na iliyokuwa ikiimba ikanyamaza. Maana yake bafle zote mbili ni nzima, na tatizo liko kwenye ampli yenyewe. Nikaichomoa kwenye umeme, nikaiacha ipumzike, kwa sababu ndani hubaki nguvu hata ikiwa imezimwa. Nikaifungua, nikapuliza vumbi jekundu. Hakuna kilichoungua, hakuna harufu. Najua ungesema nini hapa. Kila nilipokueleza mambo ya umeme ulikuwa ukisema, "Mi niliuliza kama kuran ilirudia, sikuomba masomo."

Nilipoifunga tena ndipo nikaona kile kifundo kidogo cha kugawa sauti kati ya bafle ya kushoto na ya kulia. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, upande wa kulia.

Nikaketi chini, Mama Kalenga.

Ulipokuwa huwezi tena kukaa sebuleni, nilivuta waya mrefu juu ya mlango nikakuwekea bafle moja chumbani, karibu na kichwa chako. Ile nyingine ilibaki sebuleni. Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta sebule iko kimya na kwaya inaimba chumbani tu. Ulikuwa umeamka peke yako, umeshika ukuta hadi kwenye ampli, ukarudi kulala. Jasho lilikuwa bado usoni. Nikakukaripia. Ukaniambia, "Kule nani anasikiliza? Wewe hauko mu salon. Uko hapa na mi."

Hukusimama tena baada ya siku ile.

Halafu kikaja kilio. Unajua desturi yetu: akina mama walitoa nje kitanda, viti na kila kitu, ili watu wakae kwenye mikeka. Siku ya kurudisha vitu, mikono mingi ilirudisha kila kitu mahali panapofaa, na bafle zote mbili zikawekwa sebuleni, kama kwa watu wengine. Sikuwasha ampli miezi mingi. Nilipoiwasha, upande mmoja ulikuwa kimya, nami nikaamini kama wengine kwamba ni ugonjwa.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya ulichoiambia.

Kukizungusha kifundo kile hadi katikati ni kazi ya vidole viwili. Sebule ingejaa sauti tena, na Kalenga angefurahi. Niliweka vidole, nikaviondoa. Vidole vilivyokigusa mwisho ni vyako, na sina kitu kingine humu ndani kilichobaki kama ulivyokiacha. Nguo zako waligawana dada zako, kama inavyopaswa.

Kwa hiyo nimeirudisha bafle yako chumbani, na waya juu ya mlango. Jana nililala upande wangu wa kitanda nikasikiliza. Sauti ni nzuri. Nafasi iliyo kati yangu na bafle ndiyo pana.

Nimempigia Kalenga simu kwamba ya mupya aipeleke kwake. "Tata, uliitengeneza?" Nikamwambia mama yake aliiacha nzima. Akasema Jumamosi atakuja tu, mikono mitupu, tusikilize pamoja.

Lala salama, mama wa watoto wangu. Na wewe uliyeikuta barua hii na una mashine iliyonyamaza, leo, kabla hujaipeleka kwa watu wa kilo, angalia kila kifundo kimeachwa wapi.

Mume wako,
Tata Kalenga