Unabii wa Mama Furaha na sufuria ya kanisa

Siku ya yenga, nyuma ya ibada. Butembo iko na ukungu tangu asubui, na baridi ile ya kuingia mu mifupa. Nimevaa pulovere mbili na bado natetemeka. Nilitoka nyumbani na roho ya kutulia. Sasa niko na uchovu tu, na nataka kuandika mbele nisahau ginsi mambo ilipita.

Pasta wetu alianza kufundisha juu ya karama za Roho. Mafundisho iko ya muzuri, siwezi sema uongo. Leo alisema kusikiliza tu haitoshi, kila mutu asimame na kikundi chake: bale ba unabii huku, bale ba kuombea bagonjwa kule, kwaya mbele, protocole ya kupokea batu ku mulango. Batu balisimama. Mimi nilibakia ku benchi na mama muzee mumoja mwenye alikuwa anasinzia.

Pasta aliniona.

"Mama shemasi, na weye karama yako ni gani?"

Nilijibu: "Kupika, Pasta."

Batu balicheka, hata mimi nilicheka kidogo. Mais ni kweli. Tangu badéplacés banakimbia vita upande wa Oicha, sufuria kubwa ya kanisa inalala kwangu, na sijaona mutu wa karama ingine anakuja kuisugua.

Mumoja wa bale badéplacés iko mu nyumba yangu. Jina yake ni Masika, iko na batoto babili. Balikuwa na shamba ya kakao karibu na Oicha. Bwana yake alienda kuvuna, masasi ikalia mu pori, na hakurudi. Batu balizika bale balionekana. Yeye hakuonekana, hapana kati ya bale balikufa, hapana kati ya bale baliokoka.

Na kwetu, mutu asipoonekana, hakuna kilio. Hakuna moto mu kiwanja, hakuna bamama ba kulala chini pamoja na mujane, juu hatujue kama ni mujane. Masika alibakia vile, katikati, na alikataa kula. Nilimupikia sombe, nikamupikia maharagi, hata samaki ya ziwa, ya Kyavinyonge, nilitafuta. Alikuwa anasema "wasingya", ni asante kwa Kinande, kisha anasukuma sahani kwa batoto. Alikonda mupaka nikaanza kuogopa kumuangalia.

Sasa leo, kikundi cha unabii kilipoanza kuomba, Mama Furaha alikuja kumushika Masika kichwa. Mama Furaha ni jirani yangu, anaomba mu kanisa hii tangu tukiwa basichana. Alisema kwa sauti ya juu kwamba Mungu anasema: bwana yako iko muzima, anakungoja ku shamba. Kanisa yote ilijibu Amina.

Kwetu, unabii wenye kanisa imejibia Amina, hakuna mutu anaweza kuurudisha tena. Inakuwa neno ya bote. Na mimi nilijibu. Kwa nguvu, tena.

Kufika nyumbani, Masika alikula. Bugali sahani mbili. Nilisimama na mwiko mu mukono, nikamuangalia, na machozi ikanitoka. Kisha alinawa mikono, akafunga nguo zake mu kikwembe, akaniambia, vile banaita dada mukubwa: "Yaya, kesho asubui nitapanda taxi-moto mupaka Beni, kisha Oicha. Batoto nitakuachia."



Sikubishana naye. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Furaha, nikamukuta anachagua maharagi ku mulango. Sikumusalimia, na hiyo ni haya kubwa kwa jirani. Nilimuambia tu: "Kama Mungu alikuonyesha ile njia, donc kesho muende Oicha na Masika, bote babili. Weye mbele."

 Maharagi ilibakia mu vidole vyake.

"Sikuona kitu," alisema. "Nilimushika kichwa, nikasikia mifupa tu. Nilitaka akule."

Nilikuwa nimebeba maneno ya ukali, mingi, na yote iliisha. Juu hata mimi, na samaki yangu yote, nilikuwa natafuta kitu kile kile. Mais shamba iko mu pori yenye batu banauawa, na Mama Furaha anaijua.

"Basi ukuje umuambie."

"Batasema mimi ni nabii wa uongo."

"Batasema. Nitaikala pembeni yako."

Alikuja. Alimuambia Masika yote, bila kuzungusha, na kitambaa yake ya kichwa mu mikono kama mutoto wa shule. Nilifikiri Masika atalia, ao atamutukana. Aliuliza tu: "Donc amekufa?"

"Hatujue," Mama Furaha alisema.

Masika alituangalia siye babili. "Kama ni mufu, munipe kilio. Kama ni muzima, muniache niende. Mais hii ya katikati, niikale ndani yake ginsi gani?"

 

Mama Furaha ndiye alitandika kikwembe yake chini, mu salon yangu, mchana kabisa, akalala pembeni ya Masika vile tunalala na mujane. Hiyo haiko desturi. Bazee bakisikia batakasirika. Niliangalia kidogo, kisha na mimi nikatandika yangu.

Tulilala pale mupaka batoto balirudi kutoka kucheza. Masika alilia. Nyuma ya kulia, alifungua kikwembe yenye nguo zake na kuzirudisha ku musumari, moja moja.

Siku ya yenga yenye inakuja Mama Furaha atasimama mbele ya kanisa kurudisha ile neno, na mimi nitarudisha Amina yangu. Pasta, kama unasoma hii, usituite ku bureau yako mbele ya ile siku. Na umubadilishe Mama Furaha kikundi. Akuje kwetu, ku sufuria. Mutu mwenye anasikia njaa ya mwenzake na mikono, hatuwezi kumuacha kule.

Jioni nilimuuliza Masika kama nimupashie bugali. Alitikisa kichwa.

"Kesho, yaya."

Nimeloweka maharagi.