Nilivyomzika Kukhu Akinywa Chai

Senje mpendwa,

Nakuandikia wewe na si mwingine kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba sisi wasichana wa huku tukilemewa na mambo ya ndoa tunapelekwa kwa senje, dada ya baba, na baba yangu hakujaliwa dada, na ya pili ni kwamba nasikia kabla gazeti halijakupa ukurasa huu ulikuwa ukifundisha kompyuta pale Kakamega mjini, kwa hiyo hutaniambia tu niende nikaombewe. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu.

Mimi ni msichana wa Mautuma, nafanya kazi Kakamega, natengeneza tovuti, na sijisifu lakini kazi yangu naijua, hata wavulana niliosoma nao wakikwama wananipigia simu. Nina mchumba, Bramwel, mtu wa Butere, na mwaka jana ukoo wao ulipopanga mkutano mkubwa wa Desemba aliniomba niwatengenezee tovuti ya ukoo, nami nikaona hapa ndipo pa kuingilia, wakwe wajue wanaletewa mtu na si mzigo. Baba yake Bramwel, Phineas, alifariki zamani, na aliyemlea ni baba mdogo wake, mzee Titus, ambaye ana ukoo wote kichwani, nani alizaa nani na nani aliolewa wapi, kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandika watu kwenye jedwali la Excel. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili jina la mume au mke, ya tatu kama huyo mume au mke yu hai au ni marehemu, na ya nne kama mwenye jina mwenyewe yu hai au ni marehemu. Aliandika kwa vidole viwili, lakini aliandika vizuri sana.

Sasa Senje, mzee Titus hawezi kumwandika mama mzee jina tupu, kwake ni kama kumvua mtu kitambaa cha kichwa mbele ya wageni, kwa hiyo vijana aliwaandika majina yao tu lakini akina mama wazee kila mmoja alimpa heshima yake, na mama yake mzazi, kukhu, yaani nyanya yake Bramwel, alimwandika hivi: Nechesa, mama wa Phineas. Na koma katikati.

Unajua mwenyewe jedwali likihifadhiwa kama faili la CSV kila mtu anakuwa mstari mmoja, na koma ndiyo inayotenga safu na safu, na kama ndani ya jina kuna koma yake basi Excel inalizungushia jina lote alama za mtajo ili msomaji ajue hiyo si ya kutengea. Hilo najua, nimefundishwa, mtihani nilipita. Lakini nilikuwa na kazi nyingine mbili za wateja mezani, nikaandika kwa PHP ile amri ya explode, ambayo inakata kila koma inayokutana nayo bila kujali alama za mtajo, nikaijaribu kwa majina ya wenzangu wa ofisini, Mitchel na Tracy, ambao hawana koma yoyote, ikapita, nikaiweka hewani nikajipongeza. Kumbe Nechesa alikatwa vipande viwili na kila kitu chake kikasogea hatua moja, na hali ya mume wake, mzee Were, ambaye ni marehemu, ikaangukia pale penye hali yake yeye. Akina mama wengine nao walisogea, ila waume zao wako hai, kwa hiyo waliangukia kwenye uhai na hakuna aliyegundua.

Siku ya mkutano tukiwa chini ya hema kwa mzee Titus, kabla ya chakula, binamu yao Ignatius alisimama na simu asome majina ya marehemu kutoka kwa tovuti yangu ili waombewe, mimi nimekaa na wakwe nimenyoosha shingo kwa fahari, akasoma Were, akasoma Phineas, halafu akasoma Nechesa. Kukhu alikuwa kwenye kiti cha mbele na kikombe mkononi. Akasema, "Ati nani? Nimekufa rini, na hii chai ninakunywa ni ya nani? Ignatius, soma tena!" Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha, kwa maana shangazi mmoja alisema jina la mtu hai kusomwa pamoja na mumewe na mtoto wake aliyekufa si jambo la kuchekwa, na mwingine akauliza ni nani amefanya hii kitu, na wote wakanitazama mimi. Na mimi, Senje, mdomo ulitangulia akili, nikasema, "Mfumo husoma tu kile umeandikiwa."

Nyuso zote zikageuka kwa mzee Titus. Alisimama akasema, "Mimi niliandika vizuri. Mama ya mtu haitwangi jina tupu." Hakuna aliyeelewa anasema nini, isipokuwa mimi, na mimi nilinyamaza. Niliporudi mjini nilifungua faili lake nikaliangalia, alama za mtajo ziko mahali pake, hakukosea hata kidogo.

Shida yenyewe sasa ni hii. Mwisho wa mwezi huu wazee wa Butere wanakuja kwetu Mautuma kuniposa, na msemaji wao alikuwa mzee Titus, kwa sababu yeye ndiye anaweza kuusimamisha ukoo wao mbele ya wazee wetu na kuonyesha kwamba mimi na Bramwel hatuna damu moja, lakini wamemwondoa, wamesema mtu anayemzika mama yake akiwa hai hawezi kusemea ukoo. Bramwel ananiambia, "Achana na hiyo maneno, itapoa yenyewe," hajui ukweli. Mzee Titus haonekani tena kanisani. Kukhu anamwuliza kila mgeni, "Ni wewe ulinizika?" anacheka, lakini anauliza. Nikisema ni mimi, nitakuwa bibi harusi aliyemzika kukhu kabla hajaonyeshwa jiko, na nikinyamaza naolewa juu ya mgongo wa mzee wa watu. Mitchel ananishauri nibadilishe koma niweke nukta mkato, au niache Excel nitengeneze fomu inayoikataa kabisa koma, nirekebishe kimyakimya na nisonge mbele. Naomba uniambie, Senje, nitumie alama gani, na niseme au nisiseme?

Ni mimi,
Gentrix, Kakamega

*

Gentrix mwanangu,

Nilipofika kwa Kukhu na chai yake nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Nilipofika kwa ile sentensi yako ya mfumo nikaacha kucheka, na tangu hapo nimekukasirikia. Lakini nimekukasirikia kama senje, kwa hiyo kaa hapa tuzungumze.

Tuanze na koma, maana ndiyo nyepesi. Mitchel anakufundisha kukimbia. Ukihamia nukta mkato, kesho kutwa atatokea mtu mwenye nukta mkato ndani ya jina la kijiji chake. Ukihamia mstari wima, atatokea mwingine na huo. Hakuna alama duniani ambayo watu wameahidi kutoitumia. Ndiyo maana zikaletwa alama za mtajo, na Excel ya mzee Titus ilikuwekea pale pale unapozihitaji. Faili lilikuwa safi. PHP yenyewe ina amri ya kusomea faili la namna hiyo, fgetcsv, inazijua alama za mtajo na inaacha koma ya mtu mahali pake. Unaijua. Mtihani ulipita. Wewe ukachukua explode, amri ambayo hata jina lake ni kulipua, ukailipua familia ya watu kwa sababu ulikuwa na wateja wawili mezani.

Na usithubutu kuikataa koma kwenye fomu. Ile koma si uchafu, binti. Ni Titus anavyomwita mama yake. Ukimlazimisha aandike Nechesa tupu ili kazi yako iwe rahisi, utakuwa umemfundisha mzee kukosa adabu kwa ajili ya mashine. Mashine ndiyo ifundishwe.

Kwa hiyo soma faili kwa amri inayofaa, na katika kila mstari hesabu safu kabla ya kuhifadhi chochote. Kichwa cha jedwali kina safu nne; mstari ukija na tano, usiuweke hewani, uweke kando mtu auangalie kwa macho. Kuhesabu huko tu kungemwacha Kukhu anywe chai yake kwa amani. Na ukijaribu kazi yako usiijaribu kwa Mitchel na Tracy. Ijaribu kwa mama mzee mjane mwenye watoto na heshima zake zote, kwa maana huku kwetu hao ndio watu, si Mitchel.

Sasa tufike penye uzito. Unaniuliza useme au usiseme kana kwamba mpaka sasa umenyamaza tu. Hukunyamaza. Ulisema. "Mfumo husoma tu kile umeandikiwa." Maneno mazuri, ya kisomi, na wazee wakayaamini kwa sababu wewe ndiye unayejua mambo hayo, nao wakamgeukia mtu asiyeweza kukujibu kwa lugha yako. Alikujibu kwa yake. Alisema aliandika vizuri, na pale hemani ni wewe peke yako uliyejua kwamba anasema kweli. Kukata koma vibaya ni kosa la kazi, nami mwenyewe nimekata mengi. Lile la pili ni la moyo, na nadhani ndilo linalokuuma, ingawa umejaza barua yako safu na alama.

Nakuonea huruma, nakwambia wazi. Kuwa msichana mjuzi mbele ya wakwe si kazi ndogo, kila mtu anasubiri uteleze ili aseme hiyo shule ilikuharibu. Ulijitetea kabla hujafikiri. Wengi wangefanya hivyo. Lakini mficha uchi hazai, na wewe umeanza kuficha hata posa haijafika.

Na hofu yako umeigeuza kichwa chini. Unadhani ukisema watakuona mchawi. Hebu fikiria Mautuma mwisho wa mwezi: wazee wako wanauliza ukoo, na kwa upande wa Butere anasimama mtu asiyejua nani alizaa nani, anababaika, huku anayejua amekaa nyumbani kwa sababu yako. Hiyo ndiyo ndoa unayotaka kuingia? Utampakulia obusuma, ugali wetu, mzee Titus miaka yote ijayo, na kila ukimtazama utakuwa unajua.

Fanya hivi. Mwambie Bramwel leo, kabla hujalala. Usianze na PHP, anza na "Baba mdogo hakukosea." Akikasirika mwache akasirike, alilelewa na mzee huyo, ana haki. Kisha mwende Butere pamoja, na mfike kwa Kukhu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa maana yeye ndiye aliyezikwa, na anauliza kila siku ni nani. Mjibu. Mwambie, "Kukhu, ni mimi." Usimweleze safu. Wanawake wa aina yake wamezika waume na watoto, hawaogopi jina kusomwa kwenye simu. Wanachotaka ni mtu wa kusimama mbele yao. Nabashiri atakucheka, halafu atakuagiza kuku. Mchinje, mpike, na uhakikishe ni ingokho wa kienyeji, si wale wa siku arobaini mnaowala mjini.

Kisha wale waliokuwa chini ya hema waitwe, shangazi wote na Ignatius na simu yake. Mzee alivuliwa heshima hadharani, haiwezi kurudishwa jikoni. Fungua kompyuta mbele yao, uonyeshe mstari wake ulivyo, na zile alama za mtajo, na useme kwa sauti kwamba aliandika sawa na wewe ukasoma vibaya, na kwamba siku ile ulijua, ukasema vile kujiokoa. Hilo la mwisho usiliruke. Ukiliruka, safari yote ni bure.

Halafu mwombe mzee Titus akusomee jedwali zima, jina kwa jina, kabla halijarudi hewani, na mwombe awe msemaji wenu. Akikataa, usimlazimishe, nenda tena wiki ijayo. Na ikiwa wazee wataona posa iahirishwe, iahirishwe. Ndoa ya Butere haiozi kwa miezi miwili. Lakini sidhani kama watafanya hivyo. Ukoo ukipata msichana anayejua kazi yake na pia anaweza kusema "nimekosea" bila kusukumwa, hauachi aende Matungu kuolewa na wengine.

Neno moja zaidi. Umebadilisha majina, sawa, lakini ni ukoo gani mwingine uliomwombea Kukhu aliyekuwa akinywa chai? Gazeti hili linauzwa Butere stesheni, pale pale penye reli. Kwa hiyo kama unasoma hapa na hujaenda, likunje uende sasa hivi, ufike kabla yake.

Na ukishamaliza yote, tovuti ikiwa imesoma faili upya, mkae tena chini ya hema na umwombe Ignatius asome orodha ya walio hai. Akifika kwa Kukhu, asisome Nechesa tupu. Asome kama mwanawe alivyoandika, na atulie kidogo kwenye koma: Nechesa, mama wa Phineas. Halafu nyote mnyamaze, mumsikie akiitika.

Senje Muhonja