Laini ya Pili

Kitale, 14 Juni

Kwa binti yangu Wakiuru, huko Bungoma,

Mimi ni mzima. Mahindi yamefika kiunoni. Marehemu mama yako angeyafurahia.

Ulisema hunipigii simu ya video Jumapili kwa sababu mtandao wa nyumba yangu hukatika. Nimeweka laini ya pili ya mtandao, ya kadi ya simu, ishike ile ya kwanza ikikatika. Fundi Mukhisa alichomoa waya wa laini ya kwanza ili kuijaribu, na picha ya video haikukwama.

"Mwalimu, sasa hakuna mtu atasema ati hukupatikana!" akaniambia akicheka.

Jumapili tatu zilipita bila simu yako. Ya nne, nilipotoka kanisani, nilizima laini zote mbili, nikaketi, nikajiambia kwamba huenda unapiga na hunipati.

Leo nimeziwasha.

Baba yako,
Gathii