Aminieli, Mashine Yako Bado Inaamkia

Rafiki yangu Aminieli,

Mvua za vuli zimerudi, na ofisi yetu ya Kaloleni inavuja palepale ulipokataa kuziba. Nimeweka ndoo. Kiti chako anakikalia yeyote anayeleta kompyuta ya mtumba kutengenezwa, nami naudhika kila mara.

Sasa nikueleze la maana. Chama cha wakulima kule Nkoaranga, ambako baba yako hupima kahawa, kiliomba programu yako ibadilishwe. Siku hizi wanunuzi binafsi wamekuwa wengi, na kila mmoja anataka kilo zake zionekane peke yake. Mabadiliko niliyaandika bila shida. Kilichonitoa jasho ni kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu yawe programu. Yako ilikwenda na diski iliyoungua wiki ileile ya msiba wako. Nikaletewa nyingine kutoka Nairobi, ipo kwenye sidii, imeshageuzwa tayari kutumika. Kila nikiianzisha inaanguka, inazimika katikati. Nikabembeleza, nikatukana, nikasoma na Bismillahi. Wapi!

Wanachama wakasema basi, wanunue programu ya wageni, yako ifutwe. Baba yako alitazama kofia yake tu. Nilikwenda kulia chooni, Aminieli, maana hukutuachia hata sauti kwenye kaseti. Tulichobaki nacho ni hicho ulichokiandika.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinisumbua: "Zuhura, ukila cha jirani usilalamikie chumvi. Pika hapahapa." Ile ya Nairobi ilitengenezwa kwa ajili ya mashine mpya, si kikongwe chetu. Lakini maandishi yake yote yalikuwemo kwenye sidii hiyohiyo. Nikatoa flopi zako zenye kompaila ya kizamani, ile niliyokuwa nikiicheka. Hiyo ya kizamani haikuweza kuigeuza programu yako, ila iliweza kuijenga upya ile ya Nairobi kutoka maandishi yake, ikubaliane na mashine yetu. Ikasaga mchana kutwa, feni ikilalamika, nami nimekaa na bakuli la loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, nikila na fungu lako. Ilipomaliza, nikaijaribu ile mpya kwenye programu yako. Haikuanguka.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya kupima kahawa tangu tukuzike, nikaipeleka Nkoaranga. Unakumbuka tulivyogombana kuhusu neno la kwanza kwenye kioo? Mimi nilitaka "Karibu". Wewe ukashikilia kwamba mashine ni mtoto kwa kila anayeigusa, hivyo lazima iamkie. Ubishi wako huo!

Baba yako akakaa, akabonyeza. Ikatokea: "Shikamoo."

Akavua kofia. "Marahaba, mwanangu," akasema. Akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo, na wakulima wenye magunia yao hakuna aliyemharakisha.

Pumzika, ndugu yangu, Mungu akulaze pema. Wakitaka programu ibadilishwe tena, nitaibadilisha. Neno la kwanza sitaligusa.

Wako,
Zuhura