Teke Lililoangusha Kibuyu cha Baba

Mombasa

Mama yangu,

Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, ila uso wa kuonyesha watu sina. Najua anayekusomea ni Wakesho. Dada, usiruke mstari.

Mama, huku mwanao ni mtu! Mchana naosha sahani hotelini, lakini Jumamosi disko wananipisha katikati. Breki dansi nilifundishwa na baharia Mmarekani. Lile teke la mkono mmoja chini, miguu hewani, hakuna kijana Kisauni analiweza. Ndiyo maana siku ya posa ya Wakesho, vijana wa upande wa bwana walipoicheka suruali yangu, kichwa kilipanda.

"Huyu wa Mombasa anajua nini zaidi ya kuvaa gunia?"

Nikawajibu, "Shikeni kofia zenu!"

Nikaweka mkono chini, nikarusha miguu, sikuangalia nyuma. Kumbe baba amesimama hapo na kibuyu cha mbangara, ameshajaza mdomo ile pombe ya miwa tayari kutasa, ainyunyize, atoe kinyongo chote moyoni, ambariki dada. Mdomo umejaa, hawezi hata kusema "Wacha!" Nikasikia kibuyu kwenye kisigino. Pombe yote ikamwagikia mama mkwe wa dada kifuani. Na baba akameza.

Hapo ndipo aibu inaponikaba. Angetema, angetoa na hasira. Akameza vyote viwili. Wageni wakasema posa bila baraka si posa, wakaenda zao. Na mimi bingwa nikakimbilia basi Voi bila kuaga.

Jumamosi iliyopita wameniita katikati. Nimeweka mkono chini, miguu ikakataa kupanda. Nikasema nimeteguka, nikaenda kukaa nyuma. Mimi, na mdomo wangu huu!

Mama, mwombe baba ajaze mdomo tena. Asipoitema kwanza hasira aliyo nayo juu yangu, hataweza kumbariki Wakesho, unajua mwenyewe. Nakuja mwisho wa mwezi. Miwa nitaitwanga mimi, kibuyu nitakibeba mimi mpaka Mwatate kwa wakwe, nimpigie magoti yule mama. Wakicheka, wacheke.

Nisalimie bibi, na mjomba fundi cherehani aliyeshona ile suruali. Yeye hana makosa. Wakesho, dada yangu, wewe sijui nikusalimieje. Baba usimpe salamu zangu bado. Mwambie tu ateme.

Mimi mwanao Mwakio,
miguu yote miwili chini.